Bila Papa hakuna umoja? Dhana potofu kuhusu Ukristo na kiongozi mmoja

Mwaka jana kwenye msiba wa bibi yetu kuna kitu kilitokea nakikumbuka mpaka leo. Bibi alikuwa Mlutheri, watoto wake wengine wameolewa kwa Wakatoliki, kwa hiyo pale makaburini tulikuwa mchanganyiko, na mwinjilisti akasema tusali Baba Yetu. Tukaanza vizuri tu, "jina lako litukuzwe", halafu tukaachana, wengine "ufalme wako ufike", wengine "ufalme wako uje", wale "utakalo lifanyike", hawa "mapenzi yako yatimizwe", sauti zinagongana tu mpaka wenzetu Wakatoliki wakafika "utuopoe maovuni" wakanyamaza, sisi bado tuko "kwa kuwa ufalme ni wako na nguvu na utukufu", wakatusubiri, Amina tukaisema wote.

Jioni tumekaa chini ya turubai shemeji yangu akaniambia, "Unaona sasa shemeji, ndo shida ya kukosa kiongozi mmoja hiyo, mngekuwa chini ya Baba Mtakatifu msingegawanyika hivi." Sikumjibu, msibani sio pa kubishana. Ila maneno hayo nayasikia sana, na kwa upande wetu nasikia kinyume chake, kwamba Papa ndo kaleta migawanyiko yote. Zote mbili sio kweli na inaniuma kuona watu wanaopendana wanarushiana vitu ambavyo havijawahi kuwa hivyo.

Dhana: Kanisa la mwanzo lilikuwa kitu kimoja kwa sababu kulikuwa na mkubwa mmoja anayeamua.

Soma Matendo 15. Kulikuwa na ugomvi mkubwa kabisa, je watu wa mataifa watahiriwe au wasitahiriwe, na hawakumaliza kwa amri ya mtu mmoja, walikaa kikao Yerusalemu, Petro akasema, Paulo na Barnaba wakasimulia, Yakobo ndo akafunga hoja, na barua waliyoandika inasema "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi". Sisi, wingi. Na Paulo anaandika kwa Wagalatia kwamba Kefa (ndo Petro huyo) alipokuja Antiokia "nalishindana naye uso kwa uso". Simpunguzii Petro heshima yake, maneno ya Mathayo 16 yapo palepale, "juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu", na Wakatoliki wana haki ya kuyashikilia, lakini huyo Petro mwenyewe alikuwa anakaa kikaoni na anakosolewa.

Kuna habari moja mi naipenda kuliko zote. Mnamo mwaka 155 hivi mzee Polikarpo, askofu wa Smirna (siku hizi ni Izmir, Uturuki), alisafiri mpaka Roma kuonana na Aniseti askofu wa kule. Ishu ilikuwa tarehe ya Pasaka, watu wa Asia walikuwa wanafuata siku ile ya 14 ya mwezi wa Kiyahudi hata iangukie Jumanne, Roma wanataka Jumapili. Wakaongea, hakuna aliyemshawishi mwenzake, kila mmoja akabaki na yake. Na unajua Aniseti alifanya nini? Akamwachia mgeni wake Polikarpo aadhimishe ekaristi kanisani kwake pale Roma, wakaagana kwa amani. Miaka kama 35 baadaye askofu mwingine wa Roma, Vikta, akataka kuwatenga wale wa Asia kwa jambo lilelile, na Ireneo wa Lyon, ambaye alikuwa anakubaliana na Vikta kuhusu tarehe, akamwandikia kumkanya, akamkumbusha hiyo habari ya Aniseti. Tofauti ilikuwa ileile, kilichobadilika ni moyo wa watu tu.

Hata Mtaguso wa Nisea (kikao kikuu cha maaskofu) mwaka 325, ambao Imani yake tunaikiri Wakatoliki na Walutheri na Waanglikana na Waorthodoksi, aliyeuitisha ni mfalme Konstantino, Papa Silvesta hakwenda, alituma mapadre wawili wamwakilishe.

Dhana: Ukiwa na kiongozi mmoja kanisa haligawanyiki.

Kiti chenyewe cha Papa kimewahi kugombaniwa. Mwaka 1378 makardinali walimchagua Urbano wa Sita Roma, miezi michache baadaye makardinali walewale wakasema uchaguzi haukuwa halali wakamchagua Klementi wa Saba, yeye akaenda kukaa Avignon, Ufaransa. Ufaransa na Uskoti wakamfuata wa Avignon, Uingereza ikabaki na wa Roma. Mwaka 1409 makardinali na maaskofu wakakutana Pisa kumaliza tatizo, wakachagua mwingine, basi wakawa watatu. Ilichukua mpaka 1417, kwenye Mtaguso wa Konstanz, kupata mmoja anayekubalika, Martino wa Tano. Na usidhani upande mmoja ulikuwa wa watu wabaya, Mtakatifu Katarina wa Siena alikuwa na Papa wa Roma, Mtakatifu Vinsenti Ferrer alikuwa na yule wa Avignon, wote wawili ni watakatifu wa Kanisa Katoliki mpaka leo. Kwa hiyo kiti kilikuwepo, kilichotibu jeraha ni kikao, pale ambapo yule wa Roma alikubali kuachia na wale wengine wawili wakaondolewa.

Ule mwachano wa Mashariki (Waorthodoksi) na Magharibi (Wakatoliki) nao, wa 1054, Kardinali Humberto aliweka hati ya kumtenga Patriaki (askofu mkuu) wa Konstantinopoli juu ya altare ya Hagia Sofia tarehe 16 Julai wakati Papa aliyemtuma, Leo wa Tisa, alishafariki tangu Aprili. Zile laana walizolaaniana zikaja kufutwa 7 Desemba 1965, Papa Paulo wa Sita na Patriaki Athenagora. Zaidi ya miaka 900.

Dhana: Papa ndo chanzo, bila yeye tungekuwa wamoja.

Hii ni ya kwetu Waprotestanti na tuiache. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, viongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti, walikutana Marburg, Ujerumani, hakuna Papa hapo, kati ya hoja 15 wakakubaliana 14, ile moja iliyobaki ya mwili na damu ya Bwana kwenye meza ikawashinda, wakaachana. Na tuangalie mitaa yetu wenyewe, mchungaji msaidizi akikorofishana na mchungaji kiongozi, mwezi unaofuata kuna turubai jipya na spika mpya mita mia tatu kutoka pale. Mi nimeona kanisa likigawanyika kwa ajili ya kiwanja, watu waliobatizwa maji mamoja wanapitana njiani hawasalimiani, na hakukuwa na mtu ambaye pande zote mbili zinamsikiliza wa kusema jamani kaeni chini. Hapo shemeji ana hoja na nampa.

Hata Waorthodoksi inawagharimu. Patriaki wa Konstantinopoli kwao ni wa kwanza kati ya walio sawa, anaheshimiwa ila hawezi kuamrisha, na ule Mtaguso wa Krete wa 2016 ulioandaliwa kwa miaka zaidi ya 50, kati ya makanisa 14 manne hayakwenda, Urusi mojawapo. Mwaka 2018 Moscow wakakata ushirika na Konstantinopoli kwa sababu iliamua kulipa kanisa la Ukraine uhuru wa kujitegemea, na hiyo imefika mpaka kwetu, maana Patriaki wa Aleksandria ambaye ndo mwenye Afrika alipolitambua kanisa jipya la Ukraine mwaka 2019, Desemba 2021 Warusi wakaanzisha jimbo lao Afrika na kuchukua mapadre wa humuhumu, wakiwemo wa Kenya. Muumini wa kijijini ambaye Ukraine hajawahi kuiona anajikuta padre wake kahamia upande mwingine.

Dhana: Askofu Mkuu wa Canterbury ni Papa wa Waanglikana.

Hapana. Hawezi kumwamrisha askofu wa Tanzania wala wa Kenya. Ndo maana Aprili 2023 viongozi wa GAFCON (umoja wa Waanglikana wahafidhina) waliokutana Kigali, baada ya Kanisa la Uingereza kukubali kubariki wapenzi wa jinsia moja, waliweza kutamka kwamba hawamwoni tena kama chombo cha umoja wao.

Dhana: Bila mkubwa mmoja hakuna kinachoweza kuunganishwa.

Shika Biblia yako ya Kiswahili uiangalie. Zamani zilikuwa tatu, ya Kiunguja ya wamisheni wa Kianglikana wa UMCA, ya Kimvita ya Mombasa, na ile ya Roehl ya 1937 waliyoitumia Walutheri. Hakuna aliyekuwa na mamlaka juu ya makanisa yote hayo ya kusema tupeni zenu. Wakakaa, wakabishania maneno, mwaka 1952 ikatoka Union Version, ndo hiyo Mpentekoste wa Mwanza na Mwanglikana wa Muheza wanafungua mstari uleule kwa maneno yaleyale. Na KKKT yenyewe, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, tarehe 19 Juni 1963 yalikuwa makanisa saba yakawa moja. Tuna Mkuu wa Kanisa, tunamchagua, lakini dayosisi ina askofu wake na kikao chake. Mkuu anaulinda umoja, ila umoja wenyewe yalishauleta makanisa saba yaliyoamua kuweka chini ya kwao.

Halafu kuna Kikuyu, Kenya, Juni 1913. Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine walikutana pale kwenye misheni ya Waskoti kupanga namna ya kufanya kazi pamoja, na siku ya mwisho Askofu Peel wa Mombasa akaadhimisha Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, wakashiriki na wasio Waanglikana. Habari ikafika Zanzibar kwa Askofu Frank Weston, akawaka, akawashtaki Peel na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba ni wazushi. Jibu la Canterbury lilitoka 1915 na halikumaliza ubishi. Lakini mwaka 1920 maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, Weston huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliosukuma zaidi ule wito kwa Wakristo wote waungane, na Willis, yule ambaye Weston alimshtaki kwa uzushi, alikuwa ndani ya ukumbi uleule.