Je, wajua kwa nini sehemu ya kujioshea gari inakuuzia dakika, si gari safi?

Ukipeleka gari kwa vijana wa kuosha pale Mtwara mjini, mnapatana bei ya gari zima: bajaji bei yake, Noah bei yake, fuso bei yake. Sehemu ya kujioshea haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu mashine haioni kilichoegeshwa mbele yake. Haijui kama ni pikipiki yenye vumbi au pikapu iliyotoka shamba la korosho na tope hadi kwenye vioo. Inachojua ni muda tu, kwa hiyo inauza kama LUKU: unatanguliza hela, unatumia, ikiisha inakata.

Bei ya dakika hupatikanaje? Tuseme mashine ya presha inatoa lita 10 kwa dakika na mota yake ni kilowati 2.2. Sarafu ya Sh 500 ikinunua dakika 2, mteja ametumia lita 20 za maji na umeme usiofika hata sehemu ya kumi ya uniti moja. Ukijumlisha sabuni, gharama hizo zinaweza kuwa kama Sh 100. Wengi wanaishia hapo, wanaona faida ya Sh 400 na kushusha bei. Wanasahau kwamba kodi ya eneo, mlinzi, mipira ya maji, nozeli na sili za pampu vinadai hela hata siku ambayo hakuna gari. Kama hivyo vyote ni Sh 40,000 kwa siku, zinahitajika sarafu 100, yaani dakika 200 za maji, kabla hujapata faida hata senti moja. Gari dogo likitumia dakika 8, hayo ni magari 25. Jiulize kwanza kama mtaa wako una magari 25 kwa siku, hasa masika, mvua inapoosha bure.

Malipo ya kwanza yasiwe ya dakika 2. Mteja hutumia karibu nusu dakika kushika bunduki ya maji na kuzunguka gari. Muda ukimkatikia povu likiwa juu ya bodi, kwa jua la Mtwara au Lindi linakauka upesi na kuacha michirizi. Mteja huyo ataondoka akisema ameibiwa, na kwa kweli ana haki ya kulalamika. Anzia Sh 1,000 kwa dakika 4, kisha Sh 500 kwa kila dakika 2 za nyongeza. Weka king'ora sekunde 30 kabla ya kukata, na kitufe cha kusimamisha muda mtu anaposugua.

Sarafu ni rahisi, lakini ya Sh 500 ndiyo kubwa kuliko zote, hivyo gari moja linahitaji nne, na watu hawatembei nazo. Mchanga na hewa ya chumvi hukwamisha njia ya sarafu; ifungue uipanguse kwa kitambaa kikavu kila wiki. Kisomaji cha noti hukataa noti zilizolowa au kuchakaa, na mteja wa kuosha gari mikono yake imelowa. Tokeni, yaani vipande kama sarafu vya kutumbukiza kwenye mashine, zikiuzwa dirishani zinaondoa shida zote mbili, ila lazima awepo mtu wa kuziuza.

Malipo ya simu kwa lipa namba ndiyo watu wanayopenda. Hatari yake ni meseji za kughushi. Mhudumu asiwashe mashine kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Aangalie muamala kwenye simu ya biashara. Mtandao ukichelewa, mteja asubiri kabla ya kulowesha gari. Na umeme ukikatika katikati, mashine isiyohifadhi muda humla mteja hela yake, kwa hiyo mhudumu awe na tokeni kadhaa za kumfidia palepale.

Gharama zikipanda, usihangaike kutafuta bei mpya, maana sarafu haikuruhusu kudai Sh 550. Punguza sekunde, toka 120 hadi 110, na ubadilishe kibao siku hiyohiyo. Kibao kikisema dakika 2 na mashine ikakata mapema, bodaboda wa kwanza atakayepima kwa simu yake atawaambia kijiwe kizima.