Vimeng'enya vya Kuvu Si Kuvu

Wengi huamini kwamba mkate au jibini iliyotengenezwa kwa vimeng'enya vya kuvu ina kuvu hai ndani yake. Wazo hilo linaeleweka, kwani kuvu tuliyoizoea ni ile inayoharibu chakula.

Kimeng'enya, hata hivyo, ni protini. Hakina uhai wala hakizaliani. Kuvu kama Aspergillus niger hukuzwa kwenye matangi yaliyofungwa, ikipewa sukari, hewa safi na joto linalodhibitiwa. Kwa asili yake haimezi chakula: hutoa vimeng'enya nje ya seli, vikakimeng'enya chakula hukohuko, ndipo ikafyonza. Tabia hii ya ajabu ndiyo inayorahisisha kazi kiwandani. Kimeng'enya hubaki kwenye majimaji, na nyuzi za kuvu huchujwa.

Unaweza kujionea. Koroga amilesi ya kuokea, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga, kwenye uji mwepesi wa wanga ulio vuguvugu. Weka kando uji mwingine usiotiwa kitu. Baada ya nusu saa, dondoshea iodini, ambayo huufanya wanga kuwa buluu, kote kuwili. Uji mtupu utakuwa buluu iliyokolea. Wenye amilesi utakuwa na rangi hafifu zaidi, au usigeuke buluu kabisa. Kazi hiyo imefanywa na kimeng'enya, kwani kuvu hai ingehitaji siku kadhaa kuota hadi ionekane.