Sheria ya kuokoa umeme huandaliwa kiangazi

Mabunge mengi ya majimbo ya Marekani hayakai mwaka mzima. La Texas, kwa mfano, lina kikao cha kawaida kisichozidi siku 140, tena katika miaka ya namba witiri tu. Wabunge wakishaondoka Austin, mji mkuu wa jimbo hilo, mtu hudhani kazi imekwisha, kumbe imehamia kwenye kamati. Kamati hupewa masuala ya kuchunguza, huwaita wahandisi, kampuni za umeme na wananchi, kisha huandika ripoti ambayo mara nyingi ndiyo huzaa miswada ya kikao kinachofuata. Kwa upande wa matumizi bora ya nishati, naupa msimu huo wa kamati, ambao huangukia pia kiangazi, uzito kuliko hata siku ya kupiga kura.

Kiangazi ndipo tatizo lenyewe huonekana. Kuanzia Juni hadi Septemba, viyoyozi huunguruma mchana kutwa, na watu wanaporudi nyumbani kutoka kazini jioni mzigo huzidi kupanda. Mitambo na nyaya hulazimika kujengwa kwa kiwango cha saa hizo chache, ingawa sehemu kubwa ya mwaka uwezo huo hautumiki, na gharama yake huishia kwenye bili ya kila mteja. Tarehe 6 Septemba 2022 matumizi ya California yalipita megawati 52,000, kiwango ambacho gridi yake haikuwahi kukifikia. Jioni hiyo serikali ya jimbo ilituma ujumbe kwenye simu za wakazi ikiwaomba wazime vitu wasivyovihitaji. Mzigo ulishuka ndani ya dakika chache, na mgawo mkubwa uliokuwa unanukia ukaepukwa.

Lakini jimbo haliwezi kuishi kwa kuomba kila jioni. Hapo ndipo kazi ya mbunge inapohitajika, na mfano ninaoupenda ni wa California hiyohiyo, miaka hamsini nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makadirio yalionyesha matumizi yakipanda kwa kasi ambayo ingelazimu kujenga mitambo mingi mipya, ya nyuklia ikiwemo. Bunge la jimbo likaagiza utafiti kutoka taasisi ya RAND. Utafiti huo, uliotoka 1972, ulionyesha kwamba kasi hiyo inaweza kupunguzwa. Mbunge Charles Warren wa Los Angeles na seneta Alfred Alquist wakaufanyia kazi. Muswada wao ulipita mwaka 1973, lakini Gavana Ronald Reagan akakataa kuusaini. Oktoba mwaka huohuo nchi za Kiarabu zikaiwekea Marekani vikwazo vya mafuta, foleni zikajaa kwenye vituo vya petroli, na mwaka 1974 muswada wa aina hiyohiyo ulipomrudia, Reagan yuleyule akausaini. Tume ya Nishati ya California, iliyoundwa na sheria hiyo, ikaanza kazi 1975.

Nasisitiza mpangilio wa matukio hayo kwa sababu una maana kubwa. Utafiti ungeanza baada ya foleni za mafuta, jimbo lingepata sheria ya pupa, au lisipate kabisa. Warren na Alquist walikuwa na maandishi tayari mezani.

Tume ilipewa nguvu ya kuweka viwango vya majengo na vifaa. Chukua friji. Katikati ya miaka ya 1970 friji mpya ya Marekani ilikula takriban uniti 1,800 kwa mwaka. Kufikia 2001 kiwango cha juu kilichoruhusiwa kilikuwa karibu uniti 500, na friji zilikuwa zimekuwa kubwa zaidi na bei yake halisi imeshuka. Viwango vya majimbo vilisukuma hata Washington: sheria ya kitaifa ya vifaa ilisainiwa 1987, na aliyeisaini ni Reagan, sasa akiwa Rais. Umeme unaotumiwa na kila mkazi wa California ulibaki karibu palepale kwa miongo mitatu, huku sehemu nyingine za nchi ukipanda kwa karibu nusu. Si yote ni kazi ya sheria. Hali ya hewa ya pwani na kupungua kwa viwanda vizito vilichangia. Hata hivyo mchango wa sheria ni mkubwa.

Kuna jambo moja ambalo soko pekee halilitatui, nalo linawagusa sana Waswahili wanaopanga nyumba Houston, Columbus au Minneapolis. Mwenye nyumba ndiye anayenunua kiyoyozi na kuamua kama dari litawekewa kizuizi cha joto, ila bili hulipwa na mpangaji. Mwenye nyumba hana sababu ya kununua kifaa kizuri, na mpangaji hana ruhusa ya kukibadilisha. Kiwango cha chini kilichowekwa kisheria humlinda mpangaji bila yeye kugombana na mtu.

Vikao vya kamati kwa kawaida viko wazi kwa umma, na mara nyingi si lazima uwe raia ili utoe maoni. Tazama tovuti ya bunge la jimbo lako uone kama kamati ya nishati ina kikao kiangazi hiki, au piga simu ofisi ya mbunge wako uulize. Ukienda, beba bili zako za Juni hadi Septemba na za miezi ya baridi, ueleze nyumba ina vyumba vingapi, kiyoyozi kina umri gani, na ulimwomba mwenye nyumba nini. Kamati husikia takwimu za kampuni za umeme kila wiki. Bili za wapangaji huziona mara chache sana.