Rada haimjui aliyeitika

Wengi huamini kwamba ndege za shirika moja zenye majina ya mwito (yanayotumika kuziita redioni) yanayofanana, tuseme 412 na 421, hazina hatari kwa kuwa mwongoza ndege anaziona zote kwenye rada. Rada humwonyesha ndege ilipo. Haimwambii ni rubani yupi aliyejibu redioni.

Ndege zote za eneo moja hutumia masafa yale yale ya redio. Agizo likitoka, "nne moja mbili, shuka hadi futi 6,000", rubani wa 421 anayesubiri kushuka huweza kusikia anachokitarajia, akarudia agizo kama lake. Mwongoza ndege akisikiliza marudio hayo hadi tarakimu ya mwisho, kosa linanaswa. Kibaya zaidi ni marubani wote wawili kujibu kwa pamoja: mawimbi hugongana, redio hutoa mluzi, na huenda ikasikika sauti yenye nguvu tu. Ndege mbili zinashuka, mwongoza ndege anajua moja.

Ndiyo maana mashirika mengi huchanganya tarakimu na herufi, na kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, humruhusu mwongoza ndege kubadilisha jina la mwito kwa muda. Rubani mwenye shaka asikisie. Aulize agizo ni la nani, akitaja jina lake lote la mwito.