Mlezi wa mwanamuziki si mgeni rasmi

Juzi tena, kwenye uzinduzi wa bendi ya vijana, MC alitangaza: "Sasa tumkaribishe mlezi wetu!" Akapanda mheshimiwa mmoja, akakabidhi bahasha, akapigwa picha, akaondoka kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Nimevumilia vya kutosha.

Mlezi wa mwanamuziki ni fundi aliyetangulia, anayekaa na chipukizi mpaka kazi imwingie, kisha akamfungulia mlango wa kazi. Basi. Aliyetoa pesa ni mfadhili, na hilo nalo ni neno la heshima, limetoka kwenye fadhila.

Mlezi limetoka kwenye kulea. Lakini hiyo z imetoka wapi, wakati kitenzi hakina? Zamani kilikuwa na l ya pili: Wabemba wa Zambia mpaka leo husema ukulela. Kiswahili kiliimeza l hiyo, ila mbele ya i inachomoza kwa sura ya z. Ndivyo tembea inavyozaa mtembezi, na pokea ikazaa mpokezi. Na kulea, waulize waliolea, ni kulisha, kukemea na kukesha. Hakuna mtoto aliyelelewa kwa ziara ya nusu saa.

Tazama jazi yenyewe, ile ya mji wa New Orleans, Marekani (si bendi zetu za dansi zilizoazima jina, kama Morogoro Jazz). Louis Armstrong, nguli wa tarumbeta, alipokuwa kijana alikuwa akimtumikia mke wa Joe Oliver, anatumwa huku na kule, naye analishwa maharage na wali. Oliver, mpiga koneti (ndugu mfupi wa tarumbeta) aliyeitwa King mjini, akamwelekeza upigaji na kumpa koneti yake kuukuu. Oliver alipohamia Chicago, kijana akakirithi kiti chake katika bendi ya Kid Ory. Mwaka 1922 ikaja simu ya maandishi: njoo Chicago. Akaenda kupiga koneti ya pili ukumbini Lincoln Gardens, ambako Oliver alimdokezea katikati ya wimbo atakachopiga bendi itakaponyamaza, naye Armstrong akakidaka papo hapo na kukipigia sauti ya pili. Mwaka 1923 wakarekodi pamoja. Ndizo rekodi za kwanza za Armstrong. Alimwita Papa Joe.

Mwalimu naye ni mwingine. Armstrong alifundishwa koneti na Peter Davis katika nyumba ya kurekebishia watoto, alikopelekwa baada ya kufyatua bastola mtaani mkesha wa mwaka mpya. Davis alimpa ufundi wa kuanzia. Kiti ndani ya bendi inayolipwa, hicho alikitoa Oliver.

Meneja je? Meneja ana asilimia yake. Mwaka 1924 Armstrong aliaga, akaenda New York kwa kiongozi wa bendi Fletcher Henderson, na Oliver hakuwa na mkataba wa kumdai sehemu ya umaarufu uliofuata. Oliver alifariki Savannah mwaka 1938, hohehahe.

Kwa hiyo, ndugu MC, si ugomvi. Mheshimiwa mwite mfadhili, mpe kiti cha mbele na soda baridi. Ila yule mzee wa saksafoni aliyesimama nyuma ya spika, anayewaonyesha vijana kwa kidole wapi waingie, siku nyingine mpandishe yeye ukisema "mlezi wetu".