Dirisha la risiti: dhana potofu kuhusu window.open

Chukua kaunta ya duka la jumla Kariakoo, mfumo wa mauzo unaendeshwa kwenye kivinjari. Kila mteja akilipa, kidirisha kipya cha risiti kinaibuka. Kufika jioni, vidirisha vimejaa chini ya skrini na mhudumu hajui kipi ni cha nani. Anayeulizwa ni wewe uliyeuandika mfumo.

Dhana: kila window.open, yaani amri ya JavaScript ya kufungua dirisha la kivinjari, lazima ifungue dirisha jipya.

Ukweli: kinachoamua ni jina. Amri hii hupokea anwani, jina na vipimo. Ukiacha jina, au ukiandika _blank, dirisha jipya hufunguka kila mara. Andika hivi:

let d = window.open("/risiti/412", "risiti", "width=420,height=600");
if (d) d.focus();

Kivinjari kitatazama kwanza kama dirisha ulilolifungua kwa jina la "risiti" bado lipo. Likiwepo, anwani mpya inapakiwa humo humo. Usisahau focus(), maana dirisha la zamani linaweza kubaki limefichwa nyuma. Na usiongeze neno noopener kwenye vipimo: hilo hukata uhusiano kati ya ukurasa wako na dirisha, kivinjari hufungua jipya kila mara na wewe unarudishiwa null, yaani hupati dirisha la kushika.

Dhana: ukibadilisha vipimo, dirisha lililopo litabadilika ukubwa. Halibadiliki. Vipimo husomwa dirisha linapofunguliwa mara ya kwanza tu.

Dhana: siku hizi vivinjari vinazuia madirisha ibukizi yote.

Ukweli: vinazuia yanayojifungua yenyewe, bila mtumiaji kugusa kitu. Mhudumu akibofya "Toa risiti", kivinjari kinakupa ruhusa ya muda mfupi. Wengi huipoteza kwa kusubiri kwanza jibu la seva. Mtandao ukisuasua, ruhusa imeshaisha jibu linapofika, na window.open inarudisha null. Kwa hiyo fungua dirisha pale pale kitufe kinapobofywa, kisha jibu likifika ulipatie dirisha anwani kupitia d.location.

Hapa pana mtego unaostahili umakini. Wengi hufungua kwa anwani tupu, window.open("", "risiti"), wakidhani watapata ukurasa mweupe. Watapata mweupe kama dirisha halikuwepo. Kama lipo, linarudishwa lilivyo, na risiti ya mteja aliyetangulia bado iko usoni. Mhudumu mwenye foleni mbele yake atabofya kuchapisha, na mteja ataondoka na karatasi ya mwenzake. Tangulia na ukurasa halisi, hata kama umeandikwa tu "Risiti inaandaliwa", ndipo uweke anwani ya kweli.

Dhana: kuandika location=no kwenye vipimo huficha anwani ya ukurasa. Vivinjari vya sasa havikubali, na vina haki: mtu anayeombwa nywila lazima aone anampa nani.

Kwenye simu, vipimo vyote hupuuzwa na dirisha hufunguka kama kichupo cha kawaida. Kwa hiyo ukurasa wa risiti uwe na kiungo chake cha kurudi kwenye mauzo.