Bosi wa Arusha, usiulize "ataweza?" kabla hujaijua kazi yenyewe

Kazi yangu ni kutafutia biashara wafanyakazi: hoteli, kampuni za utalii, gereji, mashamba ya maua huku Usa River na Tengeru. Nikipeleka jina la mtu mwenye ulemavu swali ni lilelile kila mahali, "dada, huyu ataweza kweli?" Nikipeleka mwanajeshi mstaafu wa JWTZ swali linabadilika, "sawa, tumuweke getini?" Yaani wa kwanza anaonekana hawezi kitu, wa pili anaonekana anaweza kitu kimoja tu, na wote wawili hakuna aliyewaangalia vizuri. Huku wenye biashara haohao wanalalamika kwamba wafanyakazi hawakai.

Ngoja tuanze na hela maana ndiyo lugha ya bosi. Mfanyakazi akiondoka katikati ya hai sizoni, msimu wa wageni wengi, unatangaza upya, unafanya usaili, unamfundisha mwingine kuanzia sifuri, wiki za mwanzo anaunguza mashuka na kukosea oda, wenzake wanabeba mzigo wake na wewe unalipa ovataimu, halafu akishaiva anapata kazi Zanzibar anaaga. Hakuna mhasibu anayekuonyesha hiyo gharama kwenye mstari mmoja kwa sababu imejificha vipande vipande, huku sabuni, huku mishahara, huku mgeni aliyekasirika akaandika vibaya mtandaoni. Mtu ambaye milango mingi imefungwa usoni kwake, akipata kazi anayoiweza na analipwa sawa na wenzake, mara nyingi haondoki ovyo. Na tafadhali msinielewe vibaya, sisemi atakaa kwa sababu ya shukrani. Biashara ikijengwa juu ya shukrani ya mtu inaishia kumnyonya. Anakaa kwa sababu kazi inamfaa na anaheshimiwa.

Sasa utajuaje kama inamfaa? Hapa ndipo penye utaalamu wenyewe na ndipo watu wengi wanaruka. Unaikata kazi vipande kabla hujamuona mtu yeyote. Chukua laundri ya hoteli. Kuna kupokea mashuka, kuhesabu, kutenganisha rangi, kukagua madoa, kupakia mashine, kujua mashine imemaliza, kupiga pasi, kukunja, kupeleka vyumbani. Jiulize ni kipande gani kinataka masikio. Utakuta ni viwili tu, mlio wa mashine na kupokea maagizo. Mashine nyingi zina taa au namba inayoonyesha muda uliobaki, na maagizo yanaandikwa kwenye ubao au yanatumwa WhatsApp. Basi, kiziwi anafanya kazi yote. Na kuna faida ambayo bosi hakuitegemea, kwamba maagizo yakianza kuandikwa hata wanaosikia wanaacha kukosea. Mwanzo msimamizi alikuwa anapita koridoni anapaza sauti "chumba cha sita" na mwenzake anasikia cha saba, sasa iko ubaoni, na shifti ya usiku ikiingia inaona mchana waliishia wapi bila kumpigia mtu simu.

Mtu wa kiti mwendo kwenye dawati la kupokea bukingi, hivyohivyo. Kompyuta na simu hazina shida naye, shida ni mlango na choo. Na rampu jamani, rampu nyingi za mjini hapa ni mlima. Kipimo kinachotumika duniani ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 10 za kupanda unahitaji sentimita 120 za urefu, fundi wa zege akikuambia "tutaibananisha hapahapa" mkatalie. Ikijengwa vizuri utaona nani anaitumia zaidi: wahudumu wanaosukuma masanduku, wageni wazee waliochoka na safari ya Serengeti, mama mwenye mtoto kwenye kigari. Kwa Sensa ya 2022 watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea, hao nao wana ndugu, wana harusi, wana vikao, na wanakodi kumbi kama watu wengine. Kwa mwenye ualbino mambo mawili makubwa ni jua na macho. Usimpange bustanini saa sita, ongeza ukubwa wa maandishi kwenye skrini, na mafuta ya kukinga ngozi yanatengenezwa hapo Moshi, hospitali ya KCMC. Palepale KCMC pia kuna chuo cha TATCOT wanaofundisha mafundi wa viungo bandia, kwahiyo usiseme utaalamu uko mbali.

Ambao hawaamini kwamba inaweza kuwa biashara kubwa huwa nawaambia habari ya Walgreens, kampuni ya maduka ya dawa ya Marekani. Mwaka 2007 walifungua ghala kubwa Anderson, South Carolina, chini ya bosi wao wa ugavi Randy Lewis, ambaye mwenyewe ana mtoto mwenye usonji, na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa pale wakawa watu wenye ulemavu. Kipimo cha kazi kilikuwa kilekile na mshahara uleule kwa wote. Kwetu hapa nenda karakana ya Shanga, kwenye eneo la Arusha Coffee Lodge, wameanza 2007 pia, mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu na wanatengeneza vitu vya kioo kutokana na chupa zilizotumika. Mgeni ananunua ile glasi kwa sababu ni nzuri.

Kwa wastaafu wa jeshi kosa la mabosi ni kuona bunduki tu. Kwanza msimchanganye mstaafu wa JWTZ na kijana aliyepita mafunzo ya JKT Oljoro, ni watu tofauti kabisa japo wote wanaweza kukufaa. Jeshi ni mji mzima: kuna stoo, kuna karakana, kuna wapishi wa kulisha mamia, kuna manesi, mafundi umeme, watu wa mawasiliano, madereva waliopeleka misafara Darfur na Kongo kwenye kulinda amani. Wengi wanastaafu bado wana nguvu. Sasa wewe una Land Cruiser kumi na tano zinazoingia porini, stoo ya spea inapotelewa vitu kila mwezi, halafu afande aliyetunza stoo miaka mingi kwa leja na sahihi unampa rungu akae getini! Muulize alikuwa kikosi gani, alikuwa anafanya nini saa mbili asubuhi, nani alikuwa anamkagua. Ukweli mwingine ni kwamba baadhi wanapata tabu kuzoea ofisi ambayo bosi anabadilisha maneno kila saa, kwahiyo mpe majukumu yaliyoandikwa na ajue anaripoti kwa nani. Hiyo nayo inawasaidia wote ofisini.

Sheria sitaki kukaa nayo sana ila ijue. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Ninachokiogopa ni bosi kuajiri mtu wa kujazia asilimia, anamkalisha kona bila kazi na mshahara wa huruma. Hapo hujapata faida yoyote na umemdhalilisha mtu mzima.

Kwahiyo kama msimu wako unaanza Juni, anza Machi. Toa kwenye tangazo ile "awe na viungo kamili", na "awe na leseni" ibaki pale tu ambapo ataendesha gari kweli. Peleka tangazo CHAVITA, chama cha viziwi, peleka kituo cha Usa River cha kanisa la KKKT wanapofundisha vijana wenye ulemavu ufundi, waambie wastaafu unaowajua wasambaze kwenye magrupu yao. Siku ya usaili umpe mtu kazi yenyewe aifanye mbele yako, akunje shuka, ahesabu spea, apokee simu ya mgeni, na kama ni kiziwi mkalimani wa lugha ya alama uwe umeshamlipia wewe.